Mboga kwa Meza ya Kosheri: Kuosha Hakutoshi

Mpishi anayepokea wageni Wayahudi kwa mara ya kwanza huanza kuhangaikia nyama. Ana haki ya kuhangaika. Nyama ina masharti kuanzia aina ya mnyama na kisu cha mchinjaji hadi sufuria ambayo haijawahi kupikiwa maziwa. Akishauona mzigo huo hujituliza kwa kusema, "Basi nitawapikia mboga." Hapo ndipo anapoingia kwenye kazi asiyoitarajia, kwa sababu katika jiko la kosheri, yaani linalofuata sheria ya Kiyahudi ya chakula, bakuli la saladi huweza kula saa nyingi kuliko kuku mzima.

Maneno haya yanamlenga mpishi wa hoteli au kambi ya watalii, dada au kaka anayefanya kazi katika nyumba ya Kiyahudi jijini Nairobi, na mkulima aliyepata mteja anayeulizia letusi isiyo na mdudu hata mmoja. Vyombo, mvinyo na maziwa siyagusi, kwa hayo utahitaji rabi. Hapa tunashughulika na majani, matunda na nafaka, na wale wapangaji wadogo wanaoishi ndani yake.

Hakuna mboga iliyo haramu kwa asili yake. Sukuma wiki, mchicha, mnafu, kabichi, zote ni halali kwa Myahudi. Aliyekatazwa ni mdudu, na katazo lake ni zito kuliko watu wanavyodhani. Kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 11, kinalirudia kwa namna mbalimbali, mara kwa kutaja watambaao, mara warukao, mara waishio majini. Marabi wa Talmudi wakayahesabu makatazo hayo na kuona kwamba anayekula chungu mmoja amevunja amri tano kwa tendo moja, na anayekula nyigu amevunja sita. Kwa hiyo mgeni wako akikuambia kwamba kidukari kwenye jani anamtisha kuliko kipande cha nguruwe, usidhani anakutania.

Kanuni mbili zinazofuata ndizo zinazoamua karibu kila kitu utakachofanya jikoni. Ya kwanza ni kwamba kiumbe kizima hakipotei ndani ya chakula. Vitu vingi vilivyokatazwa, vikianguka kidogo ndani ya chungu kikubwa, huhesabiwa kuwa vimemezwa na wingi. Mdudu aliye mzima hana msamaha huo, hata akiwa mmoja katika pipa. Ya pili humpunguzia mtu mzigo: sheria inamhusu mdudu anayeonekana kwa jicho la kawaida. Kile kisichoonekana ila kwa hadubini hakikukatazwa, la sivyo hakuna mtu ambaye angekunywa maji wala kuvuta pumzi. Mpaka kati ya kuonekana na kutoonekana una mabishano yake. Mwaka 2004 iligunduliwa kwamba maji ya bomba ya jiji la New York yana viumbe vidogo vya jamii ya kamba, vijidoa vyeupe vinavyoogelea. Marabi waligawanyika, na familia nyingi zikafunga vichujio kwenye mabomba yao. Wewe hutaulizwa uamuzi wa aina hiyo. Utaulizwa tu kama umetazama, na umetazamaje.

Wapo wanaouliza kuhusu senene na kumbikumbi. Torati inaruhusu aina nne za nzige, na Wayahudi wa asili ya Yemeni wamehifadhi mapokeo ya kuwatambua na kuwala. Jumuiya nyingine nyingi zilipoteza utambuzi huo, zikaacha kabisa. Kumbikumbi hawamo katika ruhusa hiyo, kwa hiyo usiwaandae kwa nia njema ya kumwonjesha mgeni vya kwetu.

Si kila zao linahitaji kukaguliwa. Kipimo kinachofuatwa na wengi ni cha rabi mmoja wa Karlin, huko Ulaya Mashariki katika karne ya 19: zao ambalo kwa kawaida huwa na wadudu mara 1 kati ya 10 au zaidi, sharti litazamwe kabla ya kuliwa. Viazi, karoti, matango, nyanya, pilipili hoho, biringanya, ndizi na parachichi huwa hazifikii kiwango hicho. Zioshe kama kawaida, kata sehemu iliyooza au kutobolewa, endelea na kazi. Majani karibu yote, mboga za maua kama brokoli na koliflawa, na matunda laini kama stroberi yanakivuka kiwango hicho kwa mbali.

Nusu ya kazi huisha sokoni, au huharibikia huko. Mama mboga wa Nairobi amezoea kumkatia mteja sukuma papo hapo, nyembamba kama nyuzi, na ni huduma nzuri kwa mtu anayewahi matatu. Kwa jiko la kosheri, sukuma iliyokatwa haifai. Jani likishakatwakatwa huwezi tena kulitandaza na kulitazama mbele na nyuma, na mdudu aliyekuwa chini ya mshipa sasa yuko mahali popote katika mfuko. Nunua majani mazima. Yageuze palepale kwenye meza ya muuzaji, tazama upande wa chini karibu na mshipa mkuu, kisha fumbua majani machanga ya katikati. Vidukari wa kabichi na sukuma hukaa kwa makundi, rangi ya kijivu kama waliopakwa unga. Ukiona kundi moja, liache fungu hilo na utafute jingine. Usijidanganye kwamba utaliosha nyumbani, kwa sababu utatumia saa nzima kuokoa mboga ya bei ndogo.

Msimu nao una neno. Vidukari hustawi wakati wa kiangazi, na mvua kubwa huwaangusha kutoka kwenye majani. Sukuma ya mwezi wa ukame, hasa iliyodumaa kwa kukosa maji, itakusumbua kuliko ile ya masika. Mboga isiyopuliziwa dawa, inayouzwa ghali kwa wapenda afya, kwa kawaida huwa na wakazi wengi zaidi. Lakini usiende kumwomba mkulima apulizie siku moja kabla ya kuvuna. Kila dawa ina siku zake za kusubiri, na mdudu aliyekufa akabaki amegandia jani bado ni mdudu mzima. Utakuwa umeongeza sumu bila kupunguza katazo.

Kwa mkulima mwenye soko la kudumu, njia iliyothibitika ni kumzuia mdudu asiingie. Nchini Israeli kilimo cha letusi na viungo visivyo na wadudu kilijulikana sana kupitia Gush Katif, makazi ya walowezi wa Kiisraeli katika Ukanda wa Gaza yaliyoondolewa Agosti 2005. Walilima ndani ya mabanda ya wavu wenye matundu madogo mno, yenye milango miwili ili wa kwanza ufungwe kabla wa pili haujafunguliwa, juu ya udongo uliotenganishwa na ardhi ya nje. Mboga za namna hiyo bado huuzwa Israeli kwa bei ya juu, na wengi huendelea kuziloweka na kuzisuuza hata hivyo. Ukijaribu hapa kwetu, kumbuka kwamba wavu wa kawaida wa kivuli hauzuii kithiripi, ambaye urefu wake ni milimita 1 au 2 na upana wake ni mdogo zaidi.

Sasa tuingie jikoni. Kabla hujafungua maji, jifunze unatafuta nini. Kidukari ana mwili wa duara na miguu myembamba. Huwa wa kijani, mweusi au kijivu, na yule wa kijani juu ya jani la kijani ndiye mjanja wao. Kithiripi ni mwembamba kama kipande cha uzi, wa manjano akiwa mchanga, kahawia au mweusi akikua, na hupenda mikunjo na sehemu za ndani. Viwavi wa nondo wa kabichi huacha matundu na kinyesi cheusi, kwa hiyo ukiona matundu mengi ongeza umakini. Yuko pia funza anayechimba ndani ya jani, hasa la spinachi. Alama yake ni mstari mweupe uliopinda juu ya jani, na mara nyingine yeye mwenyewe bado yumo mwishoni mwa mstari. Kuosha hakumfikii huyo. Kata sehemu yote yenye mstari na uitupe.

Andaa beseni mbili kubwa, ikiwezekana zenye sakafu nyeupe, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo isiyo na manukato makali, na taa. Mwanga wa dirishani mchana ni bora kuliko taa nyingi za jikoni. Tenganisha jani na jani. Shina lote la letusi au fungu la mchicha lililofungwa haliwezi kuoshwa likiwa limeshikana. Tia sabuni majini mpaka maji yateleze kati ya vidole. Zamisha majani, yaache dakika tatu hadi tano, kisha yatikise kwa nguvu ndani ya maji hayohayo. Sabuni hulegeza ule mshiko wa mdudu ambao maji matupu hayauwezi. Chumvi na siki husaidia pia, ila kwa uzoefu wa wengi sabuni huishinda siki. Baada ya hapo kila jani lipite chini ya bomba, upande wa juu na wa chini, ukilisugua taratibu kwa kidole, hadi utelezi wa sabuni uishe kabisa.

Wengi huishia hapo, wakafuta mikono na kusema saladi imeshakuwa tayari. Kuosha kunaondoa wadudu. Hakukupi habari kama wameisha. Habari hiyo hutokana na kukagua, na kuna njia mbili. Ya kwanza ni kushika kila jani mbele ya mwanga na kulitazama pande zote, njia nzuri kwa majani mapana kama sukuma, spinachi, kabichi na letusi. Ya pili inafaa kwa vijani vidogo: unaloweka tena kwa maji safi yenye sabuni kidogo, unatikisa, kisha unamwaga maji hayo yapite kwenye kitambaa cheupe chepesi kilichofumwa kwa karibu. Tandaza kitambaa juu ya taa utazame kilichobaki. Kikiwa safi, mboga ni safi. Ukikuta mdudu, rudia kuosha na kukagua upya. Utaratibu uliozoeleka ni kurudia hadi mara tatu; ikiwa mara ya tatu bado kitambaa kina mdudu, mboga hiyo yote iondoke jikoni, iende kwa kuku.

Doa likikutatiza, lisukume kwa kijiti cha meno. Chembe ya udongo husagika au kuyeyuka, na mdudu huonyesha miguu, papasi, au ulinganifu wa mwili. Kioo cha kukuzia kina matumizi hapa, ila kwa kutambua kitu ambacho macho yamekwisha kukiona. Hakuna anayekutaka uzunguke nacho kila jani ukisaka visivyoonekana. Na usikague ukiwa umechoka baada ya zamu ya usiku. Nimeona wapishi hodari wakipitisha majani mbele ya macho bila kuona chochote.

Mboga moja moja zina tabia zake. Kabichi huhifadhi wadudu wengi kwenye majani ya nje, kwa hiyo tupa matatu au manne ya mwanzo bila huruma, kata kichwa, fungua majani yaliyobaki moja moja. Vithiripi huweza kuingia ndani kuliko unavyofikiri, usimwamini mtu anayesema kabichi iliyofunga vizuri haina kitu. Dania, kotmiri na nanaa ni adui wa mpishi mwenye haraka, na kwao njia ya kitambaa ndiyo pekee yenye maana. Ukitaka harufu yake tu kwenye supu, fungia majani ndani ya mfuko wa kitambaa kizito, uchemshe, kisha utoe mfuko mzima. Watu wa kosheri hufanya hivyo, na supu haipungukiwi kitu.

Brokoli na koliflawa zinastahili kuogopwa. Ua lake limebana, vidukari na vithiripi hujificha ndani ya vishina vidogo ambavyo hakuna bomba linaloweza kuvifikia, na taasisi nyingi za udhibiti wa kosheri huwashauri watu wa nyumbani waepuke maua mabichi ya brokoli. Ukilazimika, kata vipande vidogo, uvitumbukize dakika chache kwenye maji ya moto, utikise, na uyakague maji hayo. Yakiwa na wadudu, usishindane nayo. Ushauri wangu ni kutumia shina. Shina la brokoli lililomenywa ni tamu, halina pa kumficha mtu, na wapishi wengi hulitupa bure.

Stroberi ikatwe kichwa pamoja na nyama kidogo ya tunda, ilowekwe kwenye maji ya sabuni, kisha kila moja isuguliwe chini ya bomba. Rasiberi na forosadi zina mashimo na vinundu visivyokaguliwa kwa urahisi, ziache. Vitunguu maji vimenywe, vikatwe pande zote mbili na kusuuzwa, kwani vithiripi hupenda kati ya maganda. Vitunguu majani vipasuliwe kwa urefu ili uone ndani ya bomba lake.

Mahindi mabichi huwashangaza wageni wetu na sisi wenyewe. Hindi la kuchoma la barabarani, linalonukia vile, halijakaguliwa na mtu. Wadudu wadogo hukaa kati ya safu za punje, zaidi kwenye ncha. Kwa meza ya kosheri, kata ncha zote mbili, ondoa safu mbili tatu za punje kwa kisu, na utazame mitaro iliyobaki. Ukiona kitu, pukuchua hindi lote na uoshe punje peke yake. Mapera na maembe yaliyotobolewa na nzi wa matunda yafunguliwe kabla ya kuwekwa mezani. Funza aliyekulia ndani ya tunda likiwa bado mtini amekatazwa kama mwenzake wa nje.

Kwenye nafaka mpishi wa Afrika Mashariki ana faida asiyojua kwamba ni faida. Kuchambua mchele kwenye sinia na kupeta kwa ungo ni kazi tuliyolelewa nayo, na ndiyo hasa inayotakiwa. Kunde, choroko na maharage yenye tundu la duara yametobolewa na mdudu. Yaloweke usiku, ondoa yanayoelea na yenye matundu. Unga uchekechwe kwa chekecheo lenye matundu madogo. Tende na tini kavu zipasuliwe na kutazamwa ndani kwenye mwanga.

Hapa kuna imani potofu inayohitaji kung'olewa. Friza haitoi mdudu, inamuua tu akabaki mahali pake. Kuchemsha ni hivyohivyo. Faida ya friza iko kwenye unga na nafaka ambazo bado ni safi, kwa sababu baridi huzuia mayai yasiyoonekana yasije yakaanguliwa ukaamka na fukusi. Kuhusu kusaga mboga kwenye blenda ili mdudu asiwe mzima tena, marabi wana kauli tofauti, na hakuna anayependa mtu asage kwa makusudi kitu anachojua kina wadudu. Usifanye hivyo bila kuuliza.

Panga saa zako. Sabato huanza Ijumaa jua linapotua, na kuchambua kitu kibaya kutoka kwenye kizuri ni miongoni mwa kazi 39 zilizokatazwa siku hiyo. Nairobi jua hutua kati ya takriban saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo mwaka mzima, na mishumaa ya Sabato huwashwa takriban dakika 18 kabla. Ukaguzi wote wa mboga za Ijumaa usiku na Jumamosi uwe umekwisha alasiri, na majani yawekwe kwenye chombo kilichofungwa chenye karatasi kavu. Pasaka ya Kiyahudi ina mtihani wake, kwa sababu letusi ni mojawapo ya mboga chungu zinazoliwa kwa ibada usiku wake wa kwanza, na kila mtu mezani lazima ale. Chatam Sofer, rabi mkubwa wa Pressburg aliyefariki mwaka 1839, aliona kwamba pasipo wakaguzi makini ni afadhali kutumia mzizi mkali wa horseradish. Ukiambiwa uandae letusi ya usiku huo, anza mapema kuliko unavyodhani inafaa.

Muulize mwenye nyumba au kiongozi wa kundi kabla hujaanza ni nani atakayekagua. Familia nyingi hutaka mtu wao, au msimamizi wa kosheri, atazame kwa macho yake. Kazi yako basi ni kuosha vizuri na kumtengea meza, taa na vitambaa. Wengine watakufundisha kisha wakuamini. Desturi hazifanani: Wayahudi wa sinagogi la Nairobi, Abayudaya wa Mbale, Uganda, wanaofuata dini hii tangu kiongozi wao Semei Kakungulu alipoikumbatia mwaka 1919, na watalii kutoka Jerusalem wanaweza kukupa maelekezo yasiyolingana. Fuata ya aliye mezani kwako.

Mdudu akionekana sufuriani baada ya yote haya, zima moto, usikoroge, wala usimtoe kimyakimya ukajifanya hukumwona. Mpige picha kwa simu, ukiweka kijiti kando ili ukubwa wake ujulikane, kwa sababu picha hiyo huenda ikatumwa kwa rabi ndani ya dakika chache. Atataka kujua ni wangapi, ni mboga ipi, ilioshwaje, na kama chakula kina mchuzi mwepesi. Mara nyingi mchuzi huweza kuchujwa kwa kitambaa na sufuria isiharibike, huku mboga zenyewe zikiwekwa kando. Wakati jibu linasubiriwa, anza kumenya viazi.